Mnaokodi studio za watu, acheni kugusa volyumu nyuma ya monita (spika za studio)!

Wakuu, siku tatu nimejizuia kuandika huu uzi. Leo nimeshindwa.

Nina studio ndogo Mbagala, chumba cha mita 3 kwa 4. Nikiwa sina kazi nawakodishia maprodyuza wenzangu kwa saa. Mwezi uliopita nilipata msiba Songea, nikakaa huko wiki mbili, ufunguo nikamwachia mdogo wangu. Niliporudi nikakuta kwaya wananisubiri niwamalizie nyimbo 3 ambazo nusu ya hela walishalipa. Sikupumzika, nikakaa kwenye kiti nikaanza kumiksi. Sauti ya mwimbishaji nikaisikia inavutwa kulia. Nikadhani ni namna ilivyorekodiwa, nikaisogeza kushoto mpaka ikakaa katikati. Gitaa la besi nalo hivyohivyo. Siku 4, kila siku mpaka saa nane usiku.

Jumapili mwalimu wa kwaya akanipigia. Mama mtu mzima, mpole, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. "Mwanangu, kazi nzuri, ila mbona mwimbishaji wetu amekaa pembeni? Nikivaa hedifoni namsikia zaidi sikio la kushoto." Niliona aibu mpaka nikakosa la kumjibu. Nikamwambia shikamoo mara ya pili!

Nikaenda nyuma ya monita na tochi. Ya kushoto iko kama nilivyoiacha. Ya kulia, mtu ameitoa swichi ya kuingizia sauti kutoka +4 akaipeleka -10, halafu nobu ya volyumu imezungushwa. Nimemhoji mdogo wangu, anasema kuna mmoja alichomeka simu moja kwa moja kwenye spika asikilize biti lake "lipige vizuri". Kisha aliyekuja baada yake akaona kulia kunazidi, naye badala ya kuuliza akashusha nobu kwa kukisia na sikio. Akaridhika, akaendelea na kazi yake. Nilipopima, kulia ilikuwa juu kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Kuna mtu atasema desibeli 3 ni nini. Mkuu, desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Kitu ulichokiweka katikati hakiwezi kukaa katikati kama spika moja inapewa nguvu mara mbili ya mwenzake. Na hiyo swichi mnayoichezea ina kazi yake: +4 ni ya vifaa vya studio vinavyotoa sauti yenye umeme mkubwa, kama volti 1.2 hivi, na -10 ni ya vifaa vya nyumbani vinavyotoa kama volti 0.3. Ukiihamisha bila kubadilisha chanzo, spika inaruka karibu desibeli 12 kwa mkupuo. Mnaona imepiga sana mnafurahi, kumbe mmeiongezea na ule mlio wa shiii unaosikika hata wimbo ukiwa haujaanza.

Kwa nini nobu ziko nyuma, hamjiulizi? Monita hizi kila moja ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo kila moja ina volyumu yake. Zile nobu ni za fundi anayefunga chumba, azilinganishe mara moja, basi. Volyumu ya kupandisha na kushusha unayo mbele yako kwenye intafesi (kile kifaa kinachounganisha kompyuta na spika), unapandisha zote mbili kwa pamoja, unashusha zote mbili kwa pamoja. Mkono wako unafuata nini kule nyuma?

Na msinidanganye kwamba nobu mbili zikielekea saa sita zote ndiyo zimelingana. Hazilingani! Zangu zilipolingana kwa macho, kwa kipimo zilipishana zaidi ya desibeli 1. Nilikuwa nimezipanga kwa jasho: napiga ule mvumo wa pinki (kelele ya kupimia, inashika besi mpaka sauti nyembamba) kwa desibeli 20 chini ya kikomo cha programu ya kurekodia, nobu ya intafesi nimeiwekea alama ya kalamu, spika moja inazimwa nyingine inapiga. Simu yenye programu ya kupimia sauti nimeifunga kwenye stendi ya maiki pale pale kichwa changu kinapokaa, urefu wa masikio. Natoka, nageuza nobu kidogo, narudi kusoma. Kushoto 76, kulia 76. Simu huwezi kuiamini kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha kulia na kushoto inatosha kabisa. Wanaomiksi sinema kwenye kumbi kubwa wanaweka 85, ila kwenye kichumba kama changu hiyo ni kujipigia kelele ukutani.

Hapo nakuja kwa nyinyi wa kufungulia mpaka mwisho. Watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walishapima mwaka 1933: sauti ikiwa chini, sikio la binadamu halisikii besi vizuri, ikipanda, besi nayo inajaa. Wewe unamiksi singeli spika zinatetemesha dirisha, unaona besi ipo ya kutosha, unaipunguza. Mteja akisikiliza nyumbani kwa sauti ya kawaida hakuna kitu, ngoma imekonda. Halafu mnakuja kusema monita zangu ndizo mbovu! Na masikio je? Kwa kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 94 una saa 1 tu. Nyie mnakaa saa 6 humo ndani, mnatoka mnaongea kwa kupiga kelele bila kujijua.

Bado kuna anayezima intafesi kwanza wakati monita zinawaka. Ule mshindo wa "tu!" unakwenda moja kwa moja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Monita zinawashwa mwisho, zinazimwa mwanzo. Nimeandika ukutani kwa maka pen nyekundu, bado mtu anapita tu.

Kuanzia leo nobu na swichi zote nimezibandika solotepu na kuzisaini juu yake. Atakayekodi ataacha dhamana, nikikuta solotepu imetoka dhamana hairudi. Biti la kwenye simu lipitishe kwenye intafesi, waya upo, uliza utapewa.

Na wewe uliyegusa ile swichi, najua humu unapita, na namba yangu unayo. Nyimbo 3 narudia upya bila kulipwa na kwaya wanazitaka Jumamosi. Nipigie tuongee gharama.