Wanafunzi wanakimbiza shairi jukwaani, niwafanyeje?

Mwalimu_Majengo (Moshi)
Habari zenu. Wanafunzi wangu watano wataghani shairi kwenye mahafali hapa shuleni, kisha Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Ni beti 8 za mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16. Darasani wanatumia dakika 3. Mbele ya shule nzima hawafikishi hata 2, na miisho ya maneno haisikiki. Nikiwaambia "taratibu", wanatulia mshororo mmoja tu.

Mghani_Njiro
Mwalimu, "taratibu" haimwambii mtoto apunguze nini. Atavuta irabu, shairi litapoa, atachoka kulivuta na kurudi mbio. Maneno yaache kama yalivyo, ongeza kimya.

Piga hesabu. Ubeti una mizani 64. Kwa silabi 4 kwa sekunde, maneno peke yake ni sekunde 16. Weka nusu sekunde kila baada ya kina cha kati (silabi ya kufanana katikati ya mshororo), sekunde 1 kila baada ya kina cha mwisho, ila ubeti unapoisha iwe 2: jumla 23. Beti 8 ni sekunde 184, zile dakika 3 zako. Sasa angalia: beti zote zikighaniwa kwa mwendo huo bila kupumua kabisa ni sekunde 128. Wakimaliza chini ya dakika 2, kimya kimepotea chote na ulimi nao unakimbia.

Chanzo ni pumzi. Mwenye hofu hupumua juu juu kifuani, hewa inakuwa haba, basi anawahi kumaliza mshororo kabla haijaisha. Kinachokufa ni silabi ya mwisho, kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Na kina kinakaa hapo hapo kwenye silabi ya mwisho! Hadhira ikikosa vina imekosa shairi.

Waandike upya: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mstari wake, utao (nusu ya pili) mstari wake. Mkwaju (/) mmoja baada ya kina cha kati, miwili baada ya kina cha mwisho. Penye miwili, mdomo ufungwe na hewa ivutwe kwa pua mpaka tumbo lisogee mbele. Mdomo uliofungwa hauwezi kuwahi mshororo unaofuata. Kuvuta hewa kwa mdomo kunakausha koo na kunasikika kwenye maiki.

Fundi_Spika (Sakina)
Uwanjani kuna jambo jingine. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ikigonga jukwaa la watazamaji lililo mita 50 mbele, inamrudia mghani baada ya karibu sekunde 0.3, na mtu akijisikia kwa kuchelewa hivyo ulimi unajikwaa. Omba monita (spika ya waghani kujisikia wenyewe) iwekwe chini mbele yao, iwaelekee wao. Maiki ikae kwenye stendi, sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni. Ikipitishwa mkono kwa mkono, kila anayeipokea anaanza kwa haraka. Kile kimya cha sekunde 1 kifanyeni 2.

Binti_Ngonjera
Watano wakighani pamoja hushindana, kila mmoja anaogopa kubaki nyuma. Teua kiongozi mmoja, wengine waanze pale wanapoona kidevu chake kimeinuka. Ubeti wa kwanza aughani peke yake, maana mwendo wa shairi zima hupangwa hapo.

Mwalimu_Majengo (Moshi)
Asanteni sana. Ila kuna mishororo ambayo maana inavuka kina cha kati. Wakinyamaza hapo, sentensi inakatika.

Mghani_Njiro
Hapo wasinyamaze. Chukua mfano huu:

Mlima ukifunikwa, na wingu jeupe pepe

Washikilie "ni" ya "ukifunikwa" kidogo, sauti ibaki juu, "kwa" itamkwe wazi, waendelee bila kuvuta hewa. Wakishusha sauti, msikilizaji ataona maneno yameishia hapo. Mishororo ya namna hiyo usiitie mkwaju wa kati.

Kuwapima, mweke mwanafunzi asiyelijua shairi mwisho wa uwanja wa shule, na karatasi. Kila ubeti aandike vina anavyovisikia, vinne vya kati na vinne vya mwisho. Ubeti atakaokosa hata kimoja urudiwe, kimya cha mwisho wa mshororo kikiongezwa nusu sekunde.