Mjadala: Wanajeshi wastaafu wasio na makao watengewe nyumba za bei nafuu Nakuru na Kisumu?

Section 58:
Naweka hoja, watu wa Nakuru na Kisumu mchangie. Kila mwezi tunakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Bondeni hapa Nakuru nyumba zimesimama, Kisumu zinaendelea. Kwa nini sehemu yake isiwekewe wanajeshi wastaafu wasio na pa kulala? Sheria ya maveterani wa kijeshi ilipita 2022. Marekani wana vocha ya kodi ya mwanajeshi tangu 1992. Sisi tunangoja nini? Na mtu asiniletee habari za wastaafu wengine. Aliyeshika bunduki si sawa na aliyeshika chaki.

Karani wa Bajeti:
Hesabu kwanza. Mfanyakazi anakatwa 1.5, mwajiri anaongeza 1.5. Hiyo 3 ni ya wawili.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu analiruka: nyumba hizo zinauzwa. Hazipangishwi. Unajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, kwa kitambulisho na PIN ya kodi ya KRA, unaweka akiba mpaka ufikishe dipoziti, ndipo ufikiriwe. Sheria ya Machi 2024 inasema dipoziti ni asilimia 10. Oktoba mwaka huo huo rais akatangaza ishuke hadi 5. Chukua nyumba ya milioni moja kama mfano. Dipoziti ni 50,000. Mzee anayepokea 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, posho ya serikali, atahitaji miezi 25 bila kununua hata unga, na malipo ya kila mwezi bado hayajaanza. Mtengee nyumba mia, hataingia hata moja.

Mwalimu wa Vihiga:
Chaki imekukosea nini, ndugu yangu wa Section 58? Huyo mwanajeshi alisomea kusoma ramani wapi?

Tuzungumze pensheni basi, maana ndiyo inayoamua nani atalala wapi uzeeni. Tangu Januari 2021 mwalimu aliye chini ya miaka 45 alihamishiwa mfuko mpya. Mwaka wa kwanza alikatwa asilimia 2, wa pili 5, kuanzia wa tatu 7.5, serikali ikiweka 15. Jeshi halikuguswa. Mwenzako anastaafu bila kuchangia hata shilingi, na bado unataka nyumba juu yake? Sasa hapo nani anabebwa?

Nyalenda B:
Mwalimu, umenaswa na neno moja ukaacha hoja nzima.

Mpango wa Marekani ulianza 1992, ni kweli, lakini ulikuwa mdogo. Ulipanuka 2008. Mamlaka ya nyumba ya mji inatoa vocha, na idara ya maveterani inatoa mfanyakazi wa kijamii wa kumfuatilia mtu. Veterani analipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, vocha inajazia mpaka kiwango kilichowekwa kwa mji huo. Nyumba hukaguliwa kabla ya kuhamia. Mwaka 2010 walihesabu maveterani zaidi ya 74,000 wasio na makao katika usiku mmoja wa Januari. Mwaka 2024 walikuwa karibu 33,000.

Hata huko inakwama, na inakwama mahali panapojulikana. Vocha ina muda wake, na mtu akikosa mwenye nyumba kabla haujaisha, inarudi. Kodi ya soko ikipanda juu ya kiwango cha vocha, wenye nyumba wanamkataa. Wafanyakazi wa kijamii wakipungua, vocha zinalala ofisini huku watu wakilala nje. Kwa hiyo mkiiga, igeni na huyo mfanyakazi wa kijamii. Bila yeye, na hivi wengi wa hao wazee wetu ni wa chang'aa, mtu atauza godoro wiki ya pili.

Afande Gilgil:
Godoro? Umemaliza vizuri kisha ukajiharibia mwenyewe.

Huwezi kusema "wengi" bila hesabu. Na tukikubali kuna wanaokunywa, ndiyo maana vocha hiyo haimtaki mtu aache pombe kwanza. Anawekwa ndani, matibabu yanamfuata humo humo. Sababu yake ni ya kazi tu. Mtu anayelala stendi hana mahali pa kuweka dawa, hana anwani ya kliniki kumfuatia, simu inaibwa, kitambulisho kinaloa mvua. Ukimwambia "acha pombe nikupe chumba" umeweka sharti ambalo hata wenye vyumba vyao hawalitimizi.

Na usalama, mwalimu, unagharimu kitu. Wanajeshi wetu wako Somalia tangu Oktoba 2011. El Adde, Januari 2016, kambi yetu huko iliposhambuliwa, kila mtu anakumbuka. Usituambie nani anabebwa.

Mwalimu wa Vihiga:
Afande, sijagusa waliokufa. Usiwaweke mbele kama ngao.

Mama Kaptembwo:
Wazee wangu, mtapigana mpaka jioni na hakuna aliyetaja karatasi. Mtu aliyelala nje amepoteza kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu, hakuna PIN, hakuna akaunti, hakuna bima ya afya ya SHA. Kukirudisha unaanza polisi uandikishe kimepotea, upewe abstrakti, uende kwa usajili wa watu ulipe 1,000, kisha ungoje. Hiyo 1,000 yenyewe hana. Mradi wowote ukianza na fomu ya Boma Yangu umeanzia katikati. Uanze na bajeti ya vitambulisho.

Pili, Inua Jamii ni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu wasio na pensheni. Kuna mstaafu wa 58 aliyetoka jeshini mapema, pensheni yake ndogo na imeshikwa na mkopo. Hayuko huku wala kule. Huyo ndiye mnayemtafuta, na hayuko kwenye orodha ya chifu.

Tatu, chumba. Mitaa ya chini Nakuru chumba kimoja cha mabati ni kama elfu tatu, na mwenye ploti anataka mwezi wa mbele na dipoziti kabla ya kutoa ufunguo. Hapo kwenye siku ya kwanza ndipo watu wanakwama, si mwezi wa sita. Lipeni moja kwa moja kwa mwenye ploti, si mkononi mwa mzee wala kwa keyateka, na mkataba useme kodi haipandi miezi 12. Wakisikia "ni serikali inalipa", chumba cha elfu tatu kinakuwa cha elfu tano kesho yake.

Section 58:
Mama, asante. Hapo ndipo nilitaka tufike. Kwa hivyo kaunti ilipe?

Karani wa Bajeti:
Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti nyumba, na ulinzi ukabaki kwa taifa. Kaunti itakwambia mwanajeshi ni wa Nairobi. Nairobi itakwambia makao ni ya kaunti. Ukitaka kukwepa mchezo huo usiandike "wanajeshi" kwenye kichwa cha ombi kwa kaunti. Andika "msaada wa kodi kwa wakazi wasio na makao", maveterani wawe kundi la kwanza.

Tarehe ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mikakati ya fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Watu hujitokeza Mei kwenye vikao vya maoni wakati viwango vyote vimeshapangwa, halafu wanalalamika hawakusikizwa. Pelekeni memoranda kabla ya Septemba.

Kiasi si kikubwa. Watu 100, kodi 3,500, miezi 12, ni milioni 4.2. Ongeza wafanyakazi wa kijamii wanne, kila mmoja watu 25, na vitambulisho 100 ni laki moja. Hatari iko Julai. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini pesa za Hazina huchelewa, na mwenye ploti hangoji Hazina. Julai hadi Septemba ilipwe mapema, Juni, kutoka bajeti inayoisha. Pesa isiyotumika kufikia Juni 30 inarudi kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, kwa hivyo hata wao wana sababu ya kukubali.

Nyalenda B:
Laki moja ya vitambulisho umeiweka kana kwamba wote wamepoteza.

Karani wa Bajeti:
Afadhali ibaki kuliko ipungue.

Kondele Juu:
Nimesoma yote. Swali dogo: "veterani" ni nani? Polisi mstaafu wa GSU aliyekaa mpakani Mandera miaka ishirini anaingia? Vijana wa huduma kwa taifa, NYS, je? Askari jela?

Afande Gilgil:
Hapana. Sheria ya 2022 inasema wa kijeshi. NYS si jeshi, tafadhali.

Kondele Juu:
Kwa hivyo wa GSU akilala stendi tumpite?

Mwalimu wa Vihiga:
Polisi na askari jela wako kwenye mfuko ule ule wa 2021 pamoja na walimu, wanakatwa 7.5 kama sisi. Afande amewatupa upande wetu, karibuni.

Mama Kaptembwo:
Karani amesema iandikwe "wakazi wasio na makao". Hiyo inawachukua wote. Mbona mnarudi nyuma?

Afande Gilgil:
Kwa sababu ikiandikwa hivyo, mwaka wa pili maveterani watakuwa watano na waliobaki ni jamaa za wawakilishi wadi. Iandikwe kundi la kwanza, iandikwe na idadi: 60 kati ya 100.

Mwalimu wa Vihiga:
60 umeitoa wapi?

Afande Gilgil:
Wewe ungetoa ngapi?

Mwalimu wa Vihiga:
30. Na wastaafu wa TSC, tume ya walimu, 30.

Section 58:
Mwalimu, hii si TSC jamani.