QEMU: nimehamia bodi ya virt, keneli haitoi hata mstari mmoja

biti64: Wakuu habari, naomba msaada. Nina keneli (kiini cha mfumo) ya Linux ya ARM biti 64, nataka kuijaribu ndani ya QEMU (programu ya kuiga kompyuta) kwanza. Nilianza na -M raspi3b (bodi ya Raspberry Pi 3B) nikaweka -m 2G ikagoma hapo hapo, inadai RAM iwe 1 GiB, nikaona isiwe tabu nikahamia -M virt, ile dtb (faili inayoiambia keneli vifaa vya bodi viko wapi) ya Raspberry Pi nikaibeba hivyo hivyo. Sasa kimya, na -nographic (ya kuleta maandishi kwenye terminal) nimeweka. Shida ni keneli au nini?

fundi_keneli: Keneli iache kwanza. raspi3b inaiga bodi ya kweli, na bodi yenyewe ina RAM ya 1 GiB, ndo maana imekukatalia. virt haiigi bodi yoyote, imebuniwa kwa ajili ya QEMU tu, memori yake inaanzia 0x40000000 na UART (mlango wa serial unaotoa maandishi) ipo 0x09000000, sasa ukiipa dtb ya Raspberry keneli inaenda kutafuta vifaa mahali ambapo havipo. Toa -dtb kabisa, virt inatengeneza ya kwake na kuikabidhi keneli yenyewe.

mama_prosesa: Na -cpu umeweka? Kwenye virt usipoitaja unapewa cortex-a15 ambayo ni ya biti 32, hata kama umeita qemu-system-aarch64, na keneli ya biti 64 haiwezi kuamka humo. Jaribu hivi:

qemu-system-aarch64 -M virt -cpu cortex-a57 -m 2G -nographic -kernel Image -append "console=ttyAMA0"

biti64: Daah imewaka, asanteni sana! Maandishi yameshuka mpaka mwisho halafu kernel panic (keneli imekwama kabisa), inasema haioni root, yaani diski yenye mfumo wa faili.

mama_prosesa: Hiyo ni haki yake, diski hujaipa. Ongeza -drive file=rootfs.img,format=raw,if=none,id=d0 -device virtio-blk-device,drive=d0 na kwenye append weka root=/dev/vda. Hakikisha VIRTIO_BLK na VIRTIO_MMIO (draiva za diski hiyo) zimejengwa ndani ya keneli, zikiwa moduli (faili za pembeni) bila initrd (mfumo mdogo wa kuanzia unaopakiwa kwenye RAM) utarudi pale pale.

fundi_keneli: Ila biti64, kama unachojaribu ni draiva za Raspberry zenyewe basi virt haitakufaa, hivyo vifaa humo havimo. Rudi raspi3b na -m 1G pamoja na dtb yako, na imeji ya SD ipanue kwa qemu-img resize ifike saizi kama 4G au 8G, saizi ambayo si kipeo cha mbili (2, 4, 8, 16...) QEMU inaikataa.