Kumfundisha mtoto kusoma nyumbani: silabi za Kiswahili kwanza au foniksi ya Kiingereza? Tupeane uzoefu

Mama Kijenge
Wakuu habari zenu. Mtoto ana miaka 5, nyumbani tunaongea Kiswahili, Kiingereza anaokoteza kwenye katuni. Kwa sasa anasomea nyumbani. Baba yake anataka aanze foniksi ya Kiingereza, yaani kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, moja kwa moja kwa sababu shule tunayoilenga baadaye ni ya Kiingereza. Mimi naona aanze na ba be bi bo bu. Mnaolijua hili, watu huanzia wapi na hukwama wapi? Msinitajie jina la kitabu tu, nipeni hatua.

Chaki Nyeupe
Anza na lugha anayoiongea. Mtoto akiunganisha m-o-t-o akasikia "moto", anajua mwenyewe kwamba amepatia. Akiunganisha t-i-n na neno hilo hajawahi kulisikia, hata akipatia hana habari. Na ufundi wa kuunganisha ukishashika kwenye Kiswahili, anahama nao kwenda Kiingereza.

Kabla ya herufi, masikio. Wiki moja mbili, dakika 10 kwa siku, bila karatasi. "Embe" apige makofi mangapi? Kati ya moto, mama na kuku, lipi halianzi na mmm? Watoto wetu silabi wanazisikia upesi, sauti mojamoja ndiyo kazi. Wazazi wengi wanaruka hapa wanakimbilia kadi, halafu wanashangaa mtoto haunganishi.

Kisha irabu tano, halafu m, l, s, k, t. Kwa nini m, l na s mbele? Zinavutika. Unaweza kusema mmmmaaaa kwa pumzi moja, mtoto akaisikia sauti ya kwanza ikiingia kwenye ya pili. K na t hazivutiki, inabidi uziguse tu na kuangukia kwenye irabu. Kwa herufi hizo chache tayari una mama, kaka, lala, kula, moto, sita, taa. Samaki mwache kwanza hadi n na nyingine zitulie. B na d zipishane wiki kadhaa. M na n vilevile. Ukizileta pamoja utajuta.

Kinachoharibu kuliko vyote ni majina ya herufi. Ukimwambia hii ni "be" na hii ni "a", akiunganisha anapata "bea". Amefanya ulichomwambia! Mfundishe sauti. Majina yatakuja yenyewe.

Shangazi wa Sanawari
Kweli tupu. Ke-u-ke-u, eti kuku. Nani angejua.

Mzee wa Usa River
Kizazi chetu kilifundishwa a, be, che, de na kikasoma magazeti. Haya mambo ya sauti sauti yameletwa ili watu wauze vitabu.

Chaki Nyeupe
Shikamoo mzee. Kizazi chenu kilisomeshwa na silabi ubaoni, siyo na majina. A be che de ilikuwa ya mstarini. Na samaki hapo juu nimemwonea bure, herufi zake zote zimo. Mpeni mtoto.

Mzee wa Usa River
Marahaba. Lakini usinieleze darasa nililokaa mimi.

Tedi wa Himo
Silabi zenyewe zina mtego wake, nao ni wimbo. Mtoto anaimba ba be bi bo bu mpaka majirani wanajua. Sasa funika zote, mwonyeshe "bo" peke yake. Utamwona midomo inacheza: ba, be, bi... mpaka aifikie. Huyo hasomi, anahesabu. Dawa: kila ukimaliza herufi moja, changanya kadi. Bo, ma, li, ku, te. Zipangeni mafungu matatu, anazozijua, anazosita, asizozijua. Kila siku chukua tano tu za kusita, rudisha mbili za kuzijua ili apate moyo. Dakika 15, funga. Ukiona anaanza kujinyonganyonga kwenye kiti umeshapitiliza.

Mangi wa Rau
Hilo la wimbo limenikumbusha mtoto mmoja wa Majengo, acheni niwape. Miaka 5 na nusu, anasifiwa mtaa mzima kwamba anasoma. Siku ya kipaimara cha dada yake, watu wamejaa uani, ndizi zimeiva, baba mtu akasimamisha muziki: mtoto asome! Akaletewa kitabu chake cha hadithi. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, kidole kinatembea chini ya maneno, sauti kama mtangazaji. Watu wakaanza kumtunza, elfu mbili, elfu tano. Mjomba aliyetoka Tanga akamsogezea kiti, akawa anamsaidia kufungua kurasa, vidole vikashika mbili kwa pamoja. Mtoto akaendelea kusoma ule ukurasa uliorukwa! Neno kwa neno. Anasoma habari za sungura na mbele yake pamechorwa mamba. Mjomba akageuza kitabu juu chini. Mtoto hakusita.

Shangazi wa Sanawari
Yesu na Maria 😂😂 na zile hela?

Binti Njiro
Mjomba naye kakosa kazi. Angemwacha ale hela zake.

Tedi wa Himo
Hela zilirudishwa au hazikurudishwa? Usituache hapo.

Mangi wa Rau
Hela alishika mama. Maliza hapo. Ninachosema ni kwamba mtoto alikuwa na kumbukumbu kali, na kila jioni alisomewa kitabu kilekile. Picha zinamwambia, mdomo unamalizia. Kumpima ni rahisi: mwandikie maneno yasiyo na maana. Mebu, gulo, nefa, zutu, dopi. Hapo hakuna cha kukariri. Uingereza wana kipimo cha namna hii tangu 2012, mtoto wa takriban miaka 6 anasoma maneno 40, nusu yake ni ya kubuni.

Mzee wa Usa River
Dopi ni mbwa wa jirani yangu. Mtoto wa huku Usa atapata moja ya bure.

Binti Njiro
Turudi kwa Mama Kijenge. Sikubaliani na "Kiswahili kwanza" kama shule ni ya Kiingereza na mtoto anakielewa kidogo. Peleka zote mbili, ila usizichanganye kipindi kimoja. Kiswahili asubuhi, Kiingereza baada ya uji wa saa nne, kadi za rangi mbili: bluu Kiswahili, nyekundu Kiingereza.

Kwa Kiingereza anza na s, a, t, i, p, n, ndiyo kundi la kwanza la Jolly Phonics, ule mpango wa vitabu vya foniksi, kwa sababu sita hizo tu zinatoa sat, pin, tap, nap, sit, tin. Kazi kubwa ipo kwenye mdomo wa mzazi. Sisi hatupendi neno liishie na konsonanti, tunalibandika irabu: "sati", "tapu", "pini". Mtoto akisikia "su-a-ti" hawezi kupata sat milele. S ni ssss, inakatika hapo. T ni ncha ya ulimi na pumzi, bila "u" nyuma. Jirekodi kwenye simu ujisikilize kabla hujamfundisha.

Halafu a ya cat, u ya cut na ar ya cart, kwa wengi wetu zote ni "a" moja. Kama wewe mwenyewe huzitofautishi, tafuta sauti ya mtu anayezitofautisha. Usilazimishe.

Chaki Nyeupe
Zote mbili kwa pamoja ndipo unapompata mtoto wa Kilimanjaro anayekutana na "same" kwenye kitabu cha Kiingereza, anasoma Same, ile wilaya. Na "name" anasoma na-me, "time" ti-me. Kiswahili kimemfundisha kwamba kila irabu inatamkwa, sasa unamwambia e ya mwisho imenyamaza. Na c? Kwetu haisimami bila h, kwa hiyo cat inakuwa "chat". Mpe kwanza miezi mitatu minne ya Kiswahili kitulie.

Binti Njiro
Ndiyo maana nimesema rangi mbili. Kadi nyekundu anajua kanuni zimebadilika. Na e ya kimya haiji mwanzoni, inakuja baada ya sauti zote za msingi. Hiyo Same yako ni ya mbali huko.

Mfuatiliaji wa Soweto Moshi
Mbona mnahangaika? Mpelekeni mtoto shule. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka 7 aandikishwe.

Tedi wa Himo
Ana miaka 5 mkuu. Hesabu nayo tukufundishe?

Mama Kijenge
Jamani msigombane. Ameshaanza kuunganisha, ila "mtu" anasoma "mutu", na "nchi" inamshinda kabisa.

Chaki Nyeupe
Hiyo m inasimama yenyewe kama silabi. Piga makofi: m-tu, mawili. M-to-to, matatu. N-chi, mawili. Makofi yake ya kwanza ayapige akiwa amefumba midomo kabisa, akifumba hiyo "u" haina pa kutokea. Kwa nchi, ulimi ugande juu nyuma ya meno.

Angalizo: usimpe kanuni kwamba mb ni sauti moja siku zote. Mbuzi ni mbu-zi, makofi mawili. Mbuyu ni m-bu-yu, matatu. Kwa macho zinafanana, sikio ndilo linaamua. Aliyezoea kwenda soko la Mbuyuni atakuambia mwenyewe.

Mangi wa Rau
Na ng na ng' ziwe kadi mbili tofauti. Ngoma, ng'ombe. Ile alama ndogo iandike kwa rangi nyingine, vinginevyo haionekani. Sauti anazochanganya wakati wa kuongea, r na l, dh na z, usimwadhibu nazo kwenye kusoma. Akisoma "zambi" kwa dhambi, ameshasoma.

Binti Njiro
Hapo hapana. Ukiacha, kesho ataandika hivyohivyo.

Shangazi wa Sanawari
Na kama anafinya macho au anasogeza kitabu puani, achana na kadi, mpeleke macho yakapimwe kwanza. Hospitali ya KCMC hapo Moshi wana idara ya macho.

Mama Kijenge
Asanteni. Kadi nikate ukubwa gani? Naenda soko la Kilombero kesho kununua karatasi ya manila.

Chaki Nyeupe
Manila moja inatosha. Ikunje katikati mara tano, ikunjue, kata kwenye mikunjo: vipande 32. Irabu 5, konsonanti mojamoja 18, halafu ch, dh, gh, kh, ng, ng', ny, sh, th. Herufi ndogo tu, kubwa baadaye. Chora mstari chini ya kila herufi kwa makapeni ili ajue upande wa juu, la sivyo n itageuka u na b itageuka q.

Tedi wa Himo
Kh unampa mtoto wa miaka 5 ya nini? Hicho kipande andika mb.

Chaki Nyeupe
Akhera, khanga... sawa, kh iwe ya mwisho kabisa. Lakini mb usiandike, nimeshaeleza.

Mzee wa Usa River
Nunua manila mbili. Moja itamwagikiwa chai.