Jeshi la Marekani likizima satelaiti zake, nani atatuambia barafu ya Aktiki imebaki kiasi gani?

Mwalimu Nyota:
Wakuu habari za jioni. Mwishoni mwa Juni 2025 jeshi la Marekani lilitangaza kwamba data za maikrowevu kutoka satelaiti zake za hali ya hewa, zile za DMSP, hazitatolewa tena kwa raia baada ya tarehe 30, yaani notisi ya siku chache tu. Kelele zikapigwa, wakasogeza hadi mwisho wa Julai, Julai nayo inaisha wakasema basi zitaendelea hadi Septemba 2026 au kifaa kife chenyewe. Sasa hizo ndo data ambazo NSIDC, kituo cha Marekani cha data za theluji na barafu kule Colorado, kimekuwa kikipimia barafu ya bahari, kaskazini na kusini, kila siku. Rekodi inaanzia 1978 na satelaiti Nimbus-7 ya NASA, toka 1987 ikabebwa na hizi za jeshi. Je ni sawa dunia nzima itegemee mali ya jeshi la nchi moja? Au aliyelipia ana haki ya kuzima akitaka? Twende kwa hoja, matusi hapana.

Kiroboto:
Mwalimu na wewe, umeme huku umekatika toka mchana unatuletea barafu ya wazungu. Wazime tu. Hao hao si ndo walisema theluji ya Kilimanjaro itakwisha ikifika 2020? Nimepita Moshi juzi juzi nimeiona kwa macho yangu, imekaa pale pale. Waongo hao.

Mtoto wa Ruiru:
Hata sisi tunaiona poa kabisa tukiwa Amboseli, tena upande wetu ndio inatokea vizuri kwa picha. Kwa mada, wacha wazime, Kenya iko na satelaiti yake Taifa-1 juu tangu Aprili 2023. Tutajipimia.

Mzee Kibo:
"Upande wetu" ndo upi? Mlima una upande wa Kenya siku hizi? Hebu andika hapa, Uhuru Peak iko nchi gani. Tunaanzaga hivi hivi, kesho mgeni anashuka Nairobi na begi la kupanda mlima.

Mtoto wa Ruiru:
Maze nimesema tunaiona, sijasema tumeibeba. Kuangalia pia mnataka tulipie?

Mzee Kibo:
Ingewezekana ningekulipisha.

Fundi Antena:
Naomba niingilie kabla hamjavuka mpaka. Taifa-1 ni kamera, inapiga picha za mashamba na miji kwa mwanga wa jua. Ncha ya kaskazini jua likizama kule Septemba halichomozi mpaka Machi, na hata likiwepo mawingu yamejaa. Kamera haitaona kitu. Ndo maana kazi hii inafanywa na mawimbi ya maikrowevu, na satelaiti yenyewe haimuliki, inasikiliza tu. Kila kitu kinatoa haya mawimbi kidogo kidogo, barafu ya bahari inayatoa kwa nguvu kuliko maji yaliyo wazi, kwa hiyo kwenye kifaa barafu inang'aa na maji yanakuwa meusi, giza na mawingu hayazuii sana. Hakuna camera ya kuchukua nafasi hiyo, iwe ya Kenya iwe ya nani.

Kiroboto:
Yaani barafu inang'aa kuliko maji 😂😂 na nyie mmekaa mnaitikia. Weka mkono kwenye friji uniambie kama inatoa mawimbi.

Fundi Antena:
Kiroboto, kutoa mawimbi hakutegemei ubaridi peke yake, kunategemea na kitu chenyewe ni nini. Maji ya bahari ni mtoaji mbovu kwenye hizo frikwensi. Hii kitu imetumika toka miaka ya 70, hujagundua wewe leo na friji lako.

Bibi wa Pangani:
Mimi nashangaa mnabishana mambo ya mawimbi. Huku kwetu bahari inakula ardhi kila mwaka, minazi inaanguka, watu wamehamisha nyumba. Hiyo barafu ya Aktiki ikiyeyuka yote ndo itatumaliza kabisa. Kwa hiyo inatuhusu na huyo Kiroboto akae kimya.

Baharia wa Tromsø:
Shikamoo bibi. Niko Norway, miaka mingi sasa. Barafu ya bahari inaelea tayari, ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kuonekana. Inayoongeza ni ile iliyoko juu ya nchi kavu, Greenland na Antaktika, na maji yenyewe kutanuka yakipata joto. Watu wanachanganya sana haya mawili.

Bibi wa Pangani:
Marahaba mwanangu, ila hapo kwenye "watu wanachanganya" sijapapenda. Mimi nimezaliwa hapa hapa ufukweni, wewe umekaa kwenye hita unanifundisha bahari? Kama haituhusu sema haituhusu.

Baharia wa Tromsø:
Samahani bibi sikukusudia kukuvunjia heshima. Inatuhusu, ila kwa njia nyingine. Barafu nyeupe inarudisha mionzi ya jua angani, ikiondoka bahari nyeusi inameza lile joto, na joto hilo haliishii Aktiki. Hilo ndo la kuhofia.

Kiroboto:
Naona hakuna anayegusa hoja yangu ya Kilimanjaro. Wamekimbia.

Baharia wa Tromsø:
Haijakimbiwa. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu wa Ohio, Marekani, waliandika kwamba hali ikiendelea vile vile barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka, hapo una haki. Lakini 1912 ilikuwa kama kilomita 12 za mraba, kufika 2000 zilibaki kama mbili na nusu. Ulichokiona Moshi ni masalia. Na wataalamu wa Innsbruck kule Austria, akina Georg Kaser, walibishana na hao Wamarekani kuhusu sababu, wakisema ukavu wa hewa na upungufu wa theluji vimechangia sana, sio joto tu. Halafu hiyo ni barafu ya mlimani, mada ni ya baharini.

Mzee Kibo:
Masalia?? Mtu amekaa Norway anaita theluji ya Kilimanjaro masalia. Watalii wakisoma hapa mnadhani watakuja? Kuna wapagazi na waongoza watalii wanasomesha watoto kwa huo mlima.

Mtoto wa Ruiru:
Wasipokuja kwenu waje Amboseli, ndovu hawayeyuki.

Mwalimu Nyota:
Jamani mada. Data. Jeshi.

Kiroboto:
Haya turudi kwenye data mwalimu maana ndo nataka. Hizo data zenyewe ni za kuungaunga. Moja, nakumbuka 2009 kifaa kiliharibika wakatangaza barafu imepungua kumbe kifaa kinakosea, nusu milioni ya kilomita za mraba, mnaijua nusu milioni? Karibu Kenya nzima. Mbili, pale katikati kabisa ya ncha satelaiti haipiti, kuna tundu, wanajaza wenyewe kwamba kuna barafu. Tatu, kusini kule Antaktika 2014 barafu ilivunja rekodi kwa KUONGEZEKA, ikapita milioni 20, mbona hawakuimba? Nne, rekodi ya chini ya Aktiki ni Septemba 2012, mpaka leo haijavunjwa. Barafu inayoisha haipumziki miaka 13.

Mzee Kibo:
Kenya nzima ilipotea kwenye grafu na hakuna aliyeshtuka, hii nimeipenda 😂

Mtoto wa Ruiru:
Buda wewe umeamka na sisi leo.

Fundi Antena:
Kiroboto leo umesoma, nakupa hiyo. Ila umesoma nusu nusu. Ya 2009 ni kweli, Februari, kihisi cha F15, mojawapo ya hizo satelaiti za DMSP, kilianza kuyumba taratibu, na waliotangaza kosa ni NSIDC wenyewe, wakahamia satelaiti nyingine. 2016 tena, F17 ikaleta namba za ajabu, wakasimamisha wakahamia F18. Tundu la katikati lipo, enzi za Nimbus-7 lilianzia nyuzi 84 na nusu za latitudo, za sasa ni dogo sana, na pale ni ncha yenyewe, maji wazi sio rahisi. Antaktika uliishia 2014 kwa makusudi. Miaka miwili baadaye ikaporomoka, Februari 2023 ikafika milioni 1.79, chini kuliko zote toka tuanze kupima. Huko kusini hata mimi siwezi kukuchorea mstari ulionyooka, imepanda imeanguka.

Fundi Antena:
Nimesahau ya nne. 2012 ilishuka mpaka kama milioni 3.4, na kweli haijavunjwa. Mwendo wa kupungua wa Septemba, mwezi ambao barafu ya Aktiki huwa chini kabisa, umepoa toka 2007, sibishi. Lakini miaka ya 80 mwanzoni Septemba ilikuwa inacheza kwenye milioni 7, na Septemba zote za 2007 kuja huku ziko chini ya Septemba yoyote ya kabla ya hapo. Machi 2025, mwezi ambao barafu inapaswa kuwa imejaa, iliishia milioni 14.33, kileleni ilikuwa haijawahi kuwa chini hivyo. Sasa huko ndo kupumzika?

Kiroboto:
Hiyo milioni sijui ngapi inahesabiwaje? Nani kashika rula?

Fundi Antena:
Ramani inagawanywa miraba ya kilomita 25 kwa 25. Mraba ukiwa na barafu asilimia 15 au zaidi, wote unahesabiwa una barafu. Ukiwa na asilimia 14, sifuri.

Kiroboto:
HAPO HAPO. Mraba wa kilomita 625, barafu ni moja ya tano, imebaki maji, wewe unaandika 625. Mimi nikiuza kiwanja hivyo nafungwa.

Fundi Antena:
Kuna hesabu ya pili inayochukua ile 125 tu. Tatizo lake, kiangazi juu ya barafu kunakuwa na madimbwi ya maji yaliyoyeyuka, kifaa kinayaona kama bahari wazi, kwa hiyo hesabu hiyo inadanganyika zaidi. Kile kikomo cha 15 ni kigumu lakini kinatumika vile vile kila mwaka, ndo maana mwaka na mwaka vinalinganishika. Na kama umechoka na eneo, uliza unene, maana chapati pana yaweza kuwa nyembamba kama karatasi. Huko kuna CryoSat-2 ya Ulaya, rada, toka 2010, na ICESat-2 ya NASA, leza, toka 2018. Wanapima kiasi kilichochomoza juu ya maji, kama sehemu moja ya kumi, halafu wanakokotoa iliyozama. Ukikosea sentimita mbili juu umekosea kama ishirini chini.

Bibi wa Pangani:
Chapati tena usiku huu.

Baharia wa Tromsø:
Ngoja nirudi kwa mwalimu maana amesahaulika kwenye mada yake. Wiki ile ile jeshi la Marekani linatangaza kuzima, Japani walirusha satelaiti ya GOSAT-GW, tarehe 29 Juni kwa saa zao, ndani yake kuna AMSR3, kifaa cha kusikiliza hayo hayo maikrowevu. Yao ya kabla, AMSR2, iko juu toka 2012 na ndo NSIDC wamehamia. Kwa hiyo giza halijaingia.

Mwalimu Nyota:
Asante, lakini si bado ni nchi moja nyingine? Tumetoka kwa Mmarekani tumeenda kwa Mjapani.

Mtoto wa Ruiru:
Afadhali Mjapani, gari zake tunazijua.

Kiroboto:
Na kushona namba za Mmarekani na za Mjapani kwenye mstari mmoja nani anashona? Kifaa tofauti, antena tofauti. Hapo ndo zinapopikwa.

Fundi Antena:
Za jeshi na AMSR2 zimekuwa juu pamoja miaka 13, kila siku unapata namba mbili za barafu ile ile, unatoa tofauti. Nimbus-7 na ya jeshi 1987 zilipima pamoja wiki chache tu, kama unatafuta mshono dhaifu kachimbe pale, sio huku.

Kiroboto:
Wiki chache?? Na hamkusema toka mwanzo! Naufungulia uzi wake kesho.

Mzee Kibo:
Fungua, ila Amboseli usiiweke.