Naomba ushauri: kinyesi cha kuku kimenizidi, nikipeleke wapi hapa Tanga?

Habari zenu wana Tanga. Nafuga kuku wa mayai uani, Makorora, na nyumba zetu mnazijua zilivyobanana: ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Bandani natandaza maranda, nikiyatoa najaza viroba. Mvua za masika zikivilowesha, harufu ya amonia inachoma macho na nzi wanahamia kwa mama wa jirani anayepika vitumbua. Ananivumilia, lakini si haki aendelee kuvumilia.

Kuozesha mboji hapa nyumbani siwezi, nafasi hakuna. Kuzika nako naogopa, maana kuna wenye visima karibu. Kuwapa wenye bustani kikiwa kibichi pia nasita. Naitrojeni yake ni kali, inaunguza miche. Anayekichukua awe na shamba la kukiacha kioze kwanza.

Je, kuna wakulima wa mboga au machungwa upande wa Pongwe au Muheza wanaofuata wenyewe? Sitaki hela, hata gharama ya kirikuu nitachangia. Na mnaofuga mjini, mnakihifadhije kikavu mpaka mchukuaji afike? Viroba vyangu vinapitisha maji.