Ushauri wenu wakuu: nimekuta mikanda ya zamani ya Doctor Who, niitumeje Uingereza?

Mjukuu_Korogwe
Habari za jioni wakuu. Nahitaji ushauri wa haraka, wenye matusi wapite kimya kimya.

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi Nairobi miaka ya 60, kituo kimoja cha televisheni, kazi yake kupanga na kubeba mikanda. Jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi nyumbani na masanduku yake. Sasa ni marehemu. Juzi tunasafisha stoo tumekuta mikebe miwili ya bati, upana wa sinia dogo, ndani kuna mkanda wa filamu. Mmoja una karatasi iliyoliwa na mende, inasomeka "DR WH" basi. Kuna mtu yuko Uingereza anaitaka. Swali langu ni moja tu: nitume kwa njia gani ifike salama?

Kibarua wa Mbezi
Bati chakavu kilo wanachukua bei gani siku hizi?

FundiRedio
Mjukuu, achana na usafiri kwanza. Unajua umeshika nini?

Tamthilia hiyo ya Daktari anayesafiri sayari na nyakati mbalimbali BBC waliianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa. Miaka ile kanda za video zilikuwa ghali, kipindi kikisharushwa wanafuta wanarekodia kingine. Kilichobaki ni nakala za filamu za milimita 16 walizouza nje, Kenya na Uganda zikiwemo. Kituo kikimaliza kurusha kinatakiwa kurudisha, kuharibu au kupeleka nchi nyingine. Mpaka leo vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 60 havijulikani viliko, sauti tu ndiyo ipo kwa sababu watazamaji walijirekodia majumbani. Mwaka 2013 walitangaza vipindi 9 vilivyopatikana Jos, Nigeria, stoo ya kituo cha televisheni. Kwa hiyo hadithi yako inawezekana.

Ukifungua mkebe unasikia harufu ya siki? Kama ipo, filamu imeanza kuoza. Usiitie kwenye projekta.

Mjukuu_Korogwe
Siki ipo, tena kali, nilidhani kuna achari imemwagika. Asante mkuu. Sasa DHL au posta?

Mama Leicester
Wanangu mmenikumbusha mbali. Nilifika huku Uingereza 1988 nikaikuta inakata roho. Wakubwa wa BBC hawakuipenda, mmoja wao, Michael Grade, alishaisimamisha miezi 18 mwaka 1985, iliporudi baadaye wakaipanga muda uleule na Coronation Street, tamthilia pendwa ya chaneli pinzani. Hapo unategemea nini? Marehemu mume wangu alikuwa anagombana na dada yake kila Jumatano kuhusu chaneli, na televisheni ni moja. Desemba 1989 ikaisha kimya kimya, hata hawakutangaza kwamba wameifuta. Ila tuseme ukweli, hata hadithi zenyewe zilikuwa zimechoka, na mandhari ukiigusa unaona ubao unatikisika.

Mashabiki ndio hawakuiacha. Wakaandika vitabu, majarida, michezo ya kusikiliza. Mwaka 1996 wakajaribu filamu moja ya televisheni na Wamarekani, haikwenda. Halafu Machi 2005 mwandishi Russell T Davies, aliyeipenda tangu mtoto, akaifufulia Cardiff, watu zaidi ya milioni 10 wakakaa kuangalia. Mume wangu hakuiwahi. Mjukuu, rudisha mali ya watu upate baraka.

Kijana Mtata
Si ndiyo hii Daktari wake alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali? Ndugu zetu tumefika kwenye sayari nyingine huku barabara ya kwetu haina lami.

Mzee wa Kona
Nyie mnasimuliana tamthilia. Mimi nauliza: stoo ya nani?

Mjukuu_Korogwe
Stoo ya nyumbani, mzee.

Mzee wa Kona
Nyumbani kwa nani? Wewe una fremu Dar, ulishaiandikia humu ukitafuta mpangaji mwenza.

Mjukuu_Korogwe
Sawa, nisizungushe. Stoo ni ya shangazi. Yeye ndiye aliyebaki na vitu vya babu, kwa sasa yuko Tanga mjini anatibiwa, sijamwambia kwa sababu sitaki kumpa presha. Na yule mnunuzi ameshanitumia malipo ya awali, laki nane, nimelipa kodi ya fremu. Kabla hamjanirukia: mikebe imekaa pale miaka yote, panya wanazaliana juu yake, hakuna aliyeijali. Mimi ndiye niliyeipekua mtandaoni, nikampata mnunuzi. Nami ni mjukuu pia. Nilishanyoosha kipande cha mkanda mbele ya jua, nikayaona yale mapipa yanayotembea, Dalek, maadui wa Daktari, jekundu liko mbele kabisa. Ni mzigo halisi.

Mama Leicester
Mwanangu, shangazi mgonjwa unamuuzia vitu kitandani?

FundiRedio
Umekosea mlango tangu mwanzo. Mkanda wenyewe unaweza kuwa wa familia, lakini haki ya kilichomo ni ya BBC. Mwaka 1999 kuna mkusanyaji wa New Zealand aligundulika ana kipindi kilichopotea, alikuwa amekinunua bila kujua thamani yake. Akawaazima wakanakili, akarudishiwa filamu yake. Angalia hiyo njia kwanza. Huyo wako anayetuma laki nane kwa mtu asiyemfahamu anataka kuificha kabatini.

Shahidi_Namba_Moja
Chai. Tena chai ya rangi, nasema kwa maana zote.

Soma tena: "jekundu liko mbele." Doctor Who ilikuwa nyeusi na nyeupe mpaka 1969. Rangi ilianza Januari 1970 na Daktari mpya, Jon Pertwee. Vipindi vyote vilivyopotea havina rangi hata tone. Sasa huo wekundu umetoka wapi, Korogwe?

Kijana Mtata
Duh. Nilikuwa nimeshaandaa popcorn.

Mjukuu_Korogwe
Mnaniita mwongo kwa sababu ya rangi? Nimeona kwa macho yangu. Picha siweki, mnunuzi alisema nisiisambaze.

Shahidi_Namba_Moja
"Mnunuzi alisema." Mod, uhamishie huu uzi jukwaa la riwaya.

FundiRedio
Shahidi, ngoja. Mimi namwamini, na ndiyo inanitisha. Mwaka 1965 ilitoka filamu ya sinema ya Dalek, Peter Cushing ndiye mhusika mkuu, na hiyo ni ya rangi, ina Dalek jekundu waziwazi. Jina lake linaanza "Dr. Who". Nakala za milimita 16 zilitengenezwa pia. Kama ndiyo hiyo, haijapotea popote, mtu yeyote anainunua madukani imesafishwa vizuri. Na kwa dakika zake 82, mikebe miwili pengine haijatimia hata filamu nzima.

Mzee wa Kona
Yaani amemuuza shangazi kwa kitu kinachopatikana dukani.

Kibarua wa Mbezi
Narudi kwenye hoja yangu ya bati chakavu.

Mama Leicester
Msimcheke. Mjukuu, mnunuzi umemwambia ni ya rangi?

Mjukuu_Korogwe
Hakuuliza. Nilimtumia picha ya karatasi tu. Mwenyewe alisema ndiyo alichokitafuta maisha yake yote. Laki nane sina hata ya kumrudishia nusu. Ona sasa, anapiga WhatsApp. Nipokee?

Shahidi_Namba_Moja
Pokea, weka spika, tusikie kama yupo.

FundiRedio
Pokea umwambie rangi kabla hujamwambia kitu kingine chochote. Na kesho asubuhi panda basi la Tanga.